Miwani Myeusi Ndani ya Nyumba Haitibu Macho Yasiyostahimili Mwanga

Mama mmoja anayeuza vitambaa Biashara Street, Mombasa, aliketi mbele yangu akiwa na miwani myeusi, na nilipomwomba aivue alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, ilhali pazia zito lilikuwa limeshushwa. Kwa miezi minane ameivaa dukani, jikoni na hata usiku sebuleni, akiamini kwamba macho yanayoumizwa na mwanga hupona yakitunzwa gizani. Dhana hii naisikia karibu kila siku, na hakuna inayowadhuru watu wazima ninaowahudumia kuliko hiyo.

Jicho lililozoea giza huongeza wepesi wake wa kuhisi mwanga, kwa hiyo taa iliyokera mwezi uliopita sasa huchoma, naye mgonjwa hutafuta lenzi nyeusi zaidi. Miwani ya jua ni ya juani: kwenye kivuko cha Likoni, ambako maji hurudisha mng'ao usoni, vaeni lenzi za polaraidi, yaani zinazokata mng'ao, ambazo pia huzuia miale ya urujuanimno, pamoja na kofia pana. Ndani ya nyumba, mwenye kipandauso anaweza kusaidiwa na lenzi hafifu za rangi ya waridi ziitwazo FL-41, zinazopunguza mwanga wa samawati-kijani. Zilijaribiwa kwa watoto wenye kipandauso huko Birmingham, Uingereza, na matokeo yakachapishwa mwaka 1991. Hata hizo hazichukui nafasi ya kutibu chanzo, ambacho mara nyingi ni kipandauso chenyewe au ukavu wa macho. Mama huyo nilimpangia aivue miwani dakika 10 kila siku baada ya magharibi, kisha aongeze kidogo kidogo, na ninawasihi wote walio kama yeye wasiivue kwa ghafla.

Wengine huambiwa kwamba aliyesoma ubao wa herufi hadi mstari wa 6/6, yaani wa uoni wa kawaida, hana tatizo, anajifanya. Ubao hupima ukali wa kuona tu. Mtu aliyeanguka na bodaboda akapata mtikisiko wa ubongo anaweza kuusoma wote, lakini akizungukwa na watu na rangi za soko la Marikiti akashikwa na kizunguzungu, kwa sababu ubongo unashindwa kupanga kile ambacho macho yameleta.

Matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yasinunuliwe bila kupimwa, maana yanaweza kupandisha shinikizo la jicho. Na jicho likiwa jekundu, linauma, linakimbia mwanga na kuona kumefifia, nendeni kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.