Diski Yako Haijakatwa: Mapengo Meusi na Uzushi Mwingine Kuhusu DVD za Katuni za Familia

Kila nikimaliza kutathmini seti ya DVD ya The Simpsons, katuni ya Kimarekani kuhusu familia, swali la kwanza ninaloulizwa halihusu vichekesho wala sauti. Ni hili: "Mbona picha haijai kwenye skrini? Diski imekatwa?" Juzi nimelisikia tena, kutoka kwa mtu aliyekuwa ameshaifunga seti nzima ya msimu wa tatu ili airudishe dukani.

Diski haijakatwa. Skrini yako ndiyo pana kuliko katuni. The Simpsons ilianza kuonyeshwa Marekani Desemba 1989, na kwa takriban miaka 20 ilichorwa kwa umbo la runinga za enzi hizo, 4:3, yaani upana wa nne kwa kimo cha tatu. Runinga za leo ni 16:9, kwa hiyo lazima yabaki mapengo meusi kushoto na kulia. Humo hakuna kilichofichwa, kwa kuwa mchoraji hakuchora kitu pale.

Basi mtu anachukua rimoti, anabonyeza mpaka picha ijae, anaridhika. Hapo limetokea moja kati ya mawili. Ama picha imevutwa kwa upana, na Homer, baba wa familia hiyo, ambaye kitambi chake kinamtosha, ameongezewa kingine. Ama imekuzwa, na robo yake imetupwa juu na chini. Robo nzima! Na katika katuni hizi mzaha huweza kukaa popote, hata kwenye kibao kilicho juu ya mlango.

Mfano ninaoupenda uko katika "Duffless", kipindi cha 1993. Homer anatembelea kiwanda cha bia, tunaona matangi matatu: Duff, Duff Lite na Duff Dry. Juu yake kuna bomba moja tu linaloyajaza yote. Kata juu ya picha, bomba linatoweka na kichekesho kimekufa. Disney+, huduma ya kutazama mtandaoni, ilipoanza Novemba 2019 iliweka misimu ya zamani ikiwa imekatwa vivyo hivyo. Watazamaji wakapiga kelele, na Mei 2020 umbo la 4:3 likarudishwa kwa anayelitaka. Mwenye DVD alikuwa na picha kamili muda wote huo, halafu anaikata mwenyewe kwa rimoti!

Msimu wa 20 ndio unaowavuruga watu kabisa. Vipindi tisa vya mwanzo ni 4:3. Kuanzia cha kumi, kilichorushwa Februari 2009, picha inajaa skrini. Deki yako ni nzima. Watengenezaji walibadili umbo katikati ya msimu.

Ingia kwenye mipangilio ya runinga, chagua picha ibaki na umbo lake la asili, usiguse tena. Ukiwa humo, zima na kile kinacholainisha mwendo. Katuni hizi huenda kwa picha 24 kwa sekunde, na mara nyingi mchoro mmoja hutumika kwa picha mbili. Runinga ikianza kubuni michoro ya kati, mistari inayeyuka kama siagi. Najua sikuulizwa hilo.

Sasa uzushi mwingine. "Blu-ray ni bora siku zote." Diski hiyo ina mistari 1,080 ya picha, na DVD ya NTSC, mfumo wa runinga wa Marekani, ina 480, sawa. Ila katuni iliyokamilishwa kwenye mkanda wa video wa kawaida haina ziada ya kuchotwa. Inakuzwa tu, nawe unalipia ukuzaji.

"Ni katuni, waachie watoto." Hata Family Guy, katuni nyingine ya familia? Katika baadhi ya seti zake, maneno yaliyofunikwa kwa mlio kwenye runinga yamerudishwa waziwazi. Soma kasha kwanza.

"Diski zimepitwa na wakati, kila kitu kiko mtandaoni." Family Guy yenyewe ilisitishwa 2002, na mauzo ya DVD zake pamoja na marudio ya usiku ndiyo yaliyoirudisha hewani 2005. Halafu kuna "Stark Raving Dad", kipindi cha The Simpsons cha 1991, yenye sauti ya Michael Jackson, ambayo watayarishaji waliiondoa kwenye mzunguko 2019. Anayetaka kuitazama, pamoja na maelezo ya walioitengeneza, ataikuta kwenye DVD ya msimu wa tatu iliyotoka 2003, ndiyo ileile yule bwana aliyokuwa ameifunga tayari kuirudisha.