Monet hakumalizia kila kitu ufukweni

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: Monet, mchoraji wa Kifaransa, alisimama pwani na kanvasi yake, akapaka alichokiona, na jua likazama akiwa ameshatia sahihi. Wanafunzi hunirushia kila ninapowataka warudie kazi ndani, kwa utulivu. "Mwalimu, mbona Monet alimaliza palepale?"

Hakumaliza palepale. Tazama picha yake ya Pointe de la Hève wakati wa maji kupwa, ya mwaka 1865, iliyoko Kimbell Art Museum, Fort Worth, Texas. Rasi hiyo iko Sainte-Adresse, jirani na Le Havre alikokulia. Mwaka 1864 alichora huko mchoro wa awali wa rangi za mafuta, kama sentimita 41 kwa 73, ambao sasa uko National Gallery, London. Ile kubwa, sentimita 90 kwa 150, aliifanyia Paris, zaidi ya kilomita 150 kutoka ufukwe ule, wakati akitumia studio moja na rafiki yake Frédéric Bazille.

Hebu fikiri kama fundi. Kanvasi ya mita moja na nusu kwenye upepo wa Normandie, eneo la pwani ile, ni tanga. Utashinda unaishikilia badala ya kupaka. Maji nayo hayakungoji: tangu kupwa hadi kujaa ni takriban saa 6, na mng'ao wa mchanga mbichi unageuka muda wote huo. Tena rangi ya mafuta haikauki siku hiyohiyo. Ukitaka kupitisha farasi ufukweni bila kuvuruga rangi ya chini, utasubiri siku kadhaa, na ukirudi pwani anga ni jingine kabisa.

Kwa hiyo pwani alichukua kile ambacho studio haiwezi kukupa: uzito wa mawingu yale, na jinsi kijivu cha anga kinavyoachana na kijivu cha maji. Mpangilio aliutengeneza Paris. Alilenga Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, ambako kuta zilijaa picha kuanzia chini hadi juu, na kipande kidogo kingepotea.

Uvumi huu, kwa bahati mbaya, aliupigia debe mwenyewe. Mwaka 1880 kule Vétheuil, mwandishi wa habari alipotaka kuiona studio yake, Monet alimwonyesha mto Seine na kudai hajawahi kuwa na studio. (Bazille, aliyekuwa akilipa kodi ya studio yao ya Paris, alishafariki vitani mwaka 1870.) Hata picha za kanisa kuu la Rouen, alizozianza 1892 na 1893 mbele ya jengo lenyewe, alizimalizia nyumbani Giverny.

Mjuaji mmoja hakosi kuniletea habari ya chembe za mchanga zilizokutwa ndani ya rangi ya picha yake ya ufukwe wa Trouville, 1870. Ni kweli zimo. Lakini picha ile haifiki hata nusu mita kwa upana! Ndogo chora nje, kubwa panga ndani. Beba ubao mdogo, fanya kazi saa moja, kisha ugeuzie ukutani wiki nzima kabla hujauangalia tena. Anayekataa ushauri huu kwa jina la Monet asinisumbue.

Dhana nyingine kumhusu zinajibika haraka. Eti Salon ilimkataa tangu mwanzo: mwaka 1865 ilipokea picha zake zote mbili za bahari, hii na ile ya mdomo wa Seine huko Honfleur, na wahakiki wakazisifu. Kukataliwa kulikuja baadaye.

Eti alipaka ukungu kwa sababu ya macho mabovu: alikuwa na miaka 24 tu. Mtoto wa jicho aligunduliwa kuwa naye mwaka 1912, akapasuliwa 1923.

Eti picha ya kijivu na kahawia namna hii haiwezi kuwa yake: siku yenye mawingu pwani ile ni ya kijivu na kahawia, basi.

Na kuhusu Monet na mchoraji mwenzake Manet kuwa mtu mmoja, mkanganyiko huo ulianza na picha hizihizi mbili za bahari. Inasimuliwa kwamba Manet, aliyeonyesha Olympia, picha yake ya mwanamke aliye uchi, mwaka huohuo wa 1865 na kutukanwa kwa ajili yake, alikasirika sana watu walipompongeza kwa picha za bahari ambazo hakuzichora.