Doug Flutie hakupewa tuzo ya Heisman kwa pasi moja

Simulizi imeshazoeleka Marekani: Novemba 23, 1984, Doug Flutie wa Boston College aliwafunga Miami 47-45 kwa pasi ya sekunde ya mwisho, na pasi hiyo ikampa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Sivyo. Kura zilikuwa zimeshapigwa kabla ya mechi.

Kilichompa tuzo ni misimu minne ya kazi. Alimaliza chuo akiwa na yadi 10,579 za pasi, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa kwanza wa vyuo vikuu kuvuka yadi 10,000. Na ingawa haikuhesabika kwenye kura, siku ile ya Miami peke yake alirusha yadi 472, jambo ambalo wasimulizi wengi hulisahau kabisa.

Hata pasi yenyewe haikuwa bahati tupu. Zikiwa zimebaki sekunde 6, wapokeaji walitumwa kukimbilia eneo la goli upande mmoja, ili mpira usipodakwa moja kwa moja, mmoja auguse na mwenzake audake. Flutie alirudi nyuma, akakwepa mlinzi, akarusha akiwa karibu na yadi ya 37 ya upande wake. Rekodi rasmi ni yadi 48 kwa sababu huhesabiwa kutoka pale mpira ulipowekwa kuanza shambulizi hilo, si pale uliporushwa. Hewani mpira ulikwenda zaidi ya 60. Walinzi hawakuamini kwamba mtu wa sentimita 178 angefika huko, dhidi ya upepo. Wakamwacha mpokeaji Gerard Phelan apite nyuma yao, naye akaudaka.