Jeokemia ya juu ya udongo: namna gazi inaonyesha mafuta yamebaki wapi

Sisi batu ya Goma tunajua tayari kama udongo unatoaka vitu macho haioni. Pita asubuhi kwenye bonde moja njia ya Sake, unaweza kukuta mbuzi amelala kama yuko usingizi, kumbe mazuku imemumaliza, ile gazi karboniki ya volkano yenye kukaa chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Sasa bakisha hiyo picha lakini badilisha gazi.

Mafuta inaweza kuwa chini kilometa 2 ao 3, na jiwe lenye kuifunika halifungi kabisa kabisa, gazi nyepesi (metani, etani, propani, butani) zinapenya polepole kwenye nyufa ndogo sana, mara nyingi zinapanda wima mpaka juu. Ni kidogo, hausikie hata harufu. Jeokemia ya juu ya udongo njo kazi ya kuzishika: batu banapiga chuma chini kama mita 1, banavuta hewa ya mule na sirinji, ao banazika kachujio ka makaa siku kadhaa, kisha labo inapima kila gazi mbali mbali. Pointi kwa pointi, kama mistari ya shamba la maharagi, mpaka karta itokee.

Na metani peke yake inadanganya, hapa bandugu mushike vizuri. Ziwa Kivu yetu iko na metani karibu kilometa za ujazo 60, lakini vijidudu vya ndani ya maji na matope vinatengeneza metani bila mafuta kuwa karibu. Propani na butani vijidudu karibu havitengenezi. Zikionekana pamoja na etani kwa kiasi cha maana, hapo mwanajeolojia anaamka.

Wengi banazania kipimo hiki ni cha kutafuta tu mbele ya kuchimba, kwangu mimi uzuri wake uko nyuma, wakati kisima kimeanza kunyonya. Presha ya chini inashuka, msukumo wa gazi nao unapungua, na kisha muda karta inabadilika. Wakirudilia pointi zilezile, pale alama imefifia mafuta yamevutwa, pale ingali na nguvu katikati ya visima, pengine kuna kipande ufa umekitenga, bado hakijaguswa. Hapo njo banaweza kuweka kisima kipya, na kisima kimoja ni mamilioni ya dola.

Ila haiambie mafuta iko kina gani wala ni mengi kiasi gani, na ufa mkubwa unaweza kupindisha njia ya gazi, alama itokee pembeni. Ndiyo maana inaendaga pamoja na sismiki, ile kazi ya kusoma mawe ya chini kwa mitetemo. Mtu akikuonyesha karta yenye doa jekundu, muulize propani ni ngapi, alipima pointi ngapi nje ya doa, na kama hapo karibu hakuna garaji yenye kumwanga mazuti.