Kumwelewa mhusika mbaya si kumtetea

Watazamaji wengi wa tamthilia zinazohusu mambo ya zamani hapa Lubumbashi wanaamini tangu miaka mingi kwamba ukionyesha upande mwema wa mtu mbaya, unamtetea. Sivyo. Kumtetea ni kumfutia matokeo ya tendo lake. Kumwelewa ni kuonyesha alichagua nini, na nani aliyelipia.

Chukua mwaka 1952, mji ukingali unaitwa Élisabethville. Utawala wa Wabelgiji ulileta imatrikulasio, yaani hadhi ya kuwekwa chini ya sheria za Wazungu: Mkongomani aliyeiomba alichunguzwa hadi nyumbani kwake, anavyokula, anavyoishi na mke na watoto. Karani anayengojea ukaguzi huo anamfukuza shangazi yake aliyetoka kijijini. Hapo tayari una mhusika. Anawatakia watoto wake shule nzuri, na anamdhalilisha mzazi wake. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Waandishi huharibu mbele kidogo: wanaongeza onyesho la karani akilia usiku, basi. Machozi yasiyobadilisha tendo hayana uzito. Mpeni uchaguzi wa pili, mgumu kuliko wa kwanza. Shangazi naye apewe maneno yake, maana akinyamaza mwanzo hadi mwisho anabaki chombo cha kupimia roho ya karani, na hiyo ni kumdhulumu mara ya pili.

Kosa lingine ni kumpa karani akili ya leo. Mwaka 1952 hakujua kwamba uhuru ungefika 1960. Akitenda kama anayejua, woga wake hauaminiki tena, na mtazamaji anamhukumu kabla hajafikiri.