Kampuni za vikoa hukua kwa kununuana

Mteja mmoja alinipigia simu siku chache baada ya kuhamisha majina yake ya vikoa, yaani anwani za tovuti zake. Alikuwa amemkimbia msajili wake wa zamani, yaani kampuni iliyokuwa ikimwandikishia majina hayo, amechoshwa na ankara zisizosomeka na majibu ya kuchelewa, akaenda kwa mwingine mwenye nembo tofauti na maneno matamu zaidi. Akaandika kuuliza jambo dogo tu. Jibu likaja na jina la mhudumu yule yule aliyemsumbua kule alikotoka.

"Kaka," akaniambia, "nimehama nyumba, kumbe mwenye nyumba ni yule yule."

Sikuwa na la kumfariji. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuunganisha mifumo ya wasajili baada ya kampuni moja kuinunua nyingine, na nilijua kuwa zile mbili zote ziko chini ya kundi moja.

Ukitaka kujua kwa nini biashara hii huzaa makundi, piga hesabu ya jina moja. Kila jina la .com limeandikwa katika daftari kuu moja, na mtunza daftari ni Verisign. Msajili anamlipa bei ya jumla, ambayo Septemba 2024 ilipanda hadi dola 10.26 kwa mwaka, anaongeza senti chache za ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, halafu kuna makato ya kadi, mishahara ya wahudumu na seva. Mwenye majina mia na mwenye majina milioni kumi wanatozwa bei ile ile. Katika biashara nyingine mnunuzi mkubwa anapata punguzo na kumzidi mdogo kwa hilo, huku hakuna. Na mwaka wa kwanza, wengi huuza chini ya bei waliyonunulia ili mteja aingie tu mlangoni.

Faida iko kwenye kuhuisha, yaani kulilipia jina mwaka mwingine. Mtu akishaandika anwani ya tovuti yake kwenye bango, kwenye kadi na kwenye kila barua pepe aliyotuma, hahami ovyo. Atalipa mwaka wa pili, wa tano, wa kumi, na njiani atanunua sanduku la barua, nafasi ya tovuti, cheti cha usalama. Mteja wa zamani wa namna hiyo ni ghali mno kumvuta kwa matangazo. Ni rahisi kumnunua pamoja na wenzake laki kadhaa, kwa kununua kampuni iliyomshika.

Historia yenyewe inalionyesha hili. Mpaka 1999 aliyetaka .com alikwenda Network Solutions, hakuna pengine. Kampuni hiyo ilianza kutoza mwaka 1995, dola 100 kwa miaka miwili. ICANN ikaundwa 1998, na mwaka uliofuata wasajili watano wakaruhusiwa kuingia kwa majaribio, Register.com akiwa mmojawapo. Mwaka 2000 Verisign ikainunua Network Solutions kwa hisa zenye thamani ya takriban dola bilioni 21. Miaka mitatu baadaye ikauza upande wa usajili kwa kama dola milioni 100, daftari ikabaki nalo. Mimi nikifundisha vijana wapya huanzia hapo: aliyekuwa na vyote viwili mkononi alichagua daftari, akaachia wateja.

Walioachiwa wateja wakaanza kununuana. Web.com ilimnunua Register.com mwaka 2010 kwa dola milioni 135, na mwaka uliofuata ikainunua Network Solutions yenyewe. Mwaka 2021 Web.com ikaunganishwa na kampuni za Endurance, likazaliwa kundi la Newfold Digital. Kwa hiyo mwenye ukiritimba wa zamani na mmoja wa watano waliotumwa kuuvunja leo wanakula sahani moja.

Wengine wamepita njia zao. Tucows ilijijenga kwa kuuza kupitia mawakala, wale ambao mteja anawaona huku msajili mwenyewe amekaa nyuma ya pazia. Januari 2017 ikanunua Enom, msajili mwingine, kwa dola milioni 83.5 na kuongeza mamilioni ya majina kwa mkupuo. CentralNic ya London ilianza kwa kuuza majina chini ya uk.com, ikaingia soko la hisa 2013, ikaungana na KeyDrive, kundi jingine la wasajili, 2018, kisha ikanunua Team Internet, iliyokuwa ikipata pesa kwa kuweka matangazo kwenye vikoa visivyo na tovuti. Matangazo yalikua mpaka mwaka 2023 kundi zima likachukua jina la Team Internet. Mtoto wa kulea akampa baba jina la ukoo.

Sasa, kwa nini kundi likishanunua kampuni lisifute nembo ya zamani na kuweka wote chini ya paa moja? Jibu ni gharama na hofu. Kwa kawaida jina la .com likihama kutoka msajili mmoja kwenda mwingine linalipiwa mwaka mmoja zaidi. Kuna uhamisho wa mkupuo unaoidhinishwa na ICANN, ambao hauongezi mwaka, lakini majina yakizidi 50,000 mtunza daftari anaruhusiwa kutoza dola 50,000. Kibali cha kuwa msajili ambacho ICANN iliipa kampuni iliyonunuliwa, kwa upande mwingine, ada yake ya mwaka ni dola 4,000. Ukiviweka kwenye mizani, ni afadhali uache kila kitu kilipo. Mteja haoni mabadiliko, hashtuki, hahami. Kinachounganishwa haraka ni kile kinachopunguza mishahara: hesabu, mafundi, na dawati la wahudumu. Ndiyo maana yule mteja wangu alijibiwa na mtu yule yule.

Mifumo nayo huunganishwa, ila polepole, na hapo ndipo mimi huitwa. Kubadilisha msajili kwenye daftari ni kazi ndogo. Balaa liko kwenye seva za majina, zile zinazoiambia dunia tovuti yako iko wapi na barua zako zipelekwe wapi. Usiku mmoja tulihamisha kundi la majina, kila kipimo kikaonyesha kijani, tukaenda kulala. Asubuhi mteja mmoja anasema tovuti yake imetoweka, na mimi naiona vizuri kabisa kwenye skrini yangu. Mwenzangu naye anaiona. Mteja haioni, na wateja wake nusu hawaioni.

Tulihangaika saa nzima. Kumbe jina lile lilikuwa limewekewa saini ya DNSSEC, inayothibitisha kuwa majibu ya seva za majina hayajaghushiwa. Kwenye daftari kuu kulikuwa bado na alama ya ufunguo wa zamani, na seva mpya zilikuwa zinatia saini kwa ufunguo mpya. Mitandao inayokagua saini iliona havilingani, ikakataa kulitambua jina. Isiyokagua ikapita tu. Tulifuta alama ile mstari mmoja, kisha tukangoja kumbukumbu za seva za watu ziishe muda. Siku hiyo ndipo nilipoacha kuamini rangi ya kijani.

Kuna ukuaji mwingine ambao kwa nje unaonekana kama ushindani mkali. Jina lisipohuishwa, baada ya msajili kulifuta hukaa siku 30 za kukombolewa, kisha siku 5 za kungoja kufutwa, halafu linaachiliwa na yeyote anaweza kulidaka. Kila kibali cha ICANN kina mgao wake wa miunganisho kwenye daftari, kwa hiyo mwenye vibali vingi ana mikono mingi ya kudakia. Kundi lililo nyuma ya DropCatch, huduma ya kudaka majina, liliwahi kuwa na vibali zaidi ya elfu moja. Ukisikia duniani kuna wasajili elfu mbili au tatu, jua kuwa wengi wao ni mikono ya makundi machache.

Yule mteja nilimwambia afungue mikataba yote miwili, ashuke mpaka chini kabisa kwenye maandishi madogo. Akakuta anwani moja, hadi namba ya ghorofa. Akaniuliza nani yuko nje ya kundi lile, nikamtajia wawili. Ilibidi angoje siku 60, maana jina likishahama tu, msajili anaweza kulizuia lisihame tena kabla ya muda huo. Akangoja, akahama, akanitumia ujumbe wa kushukuru.

Mwaka uliofuata nililetewa kazi mpya ya kuunganisha mifumo. Kundi lilikuwa lile lile, na jina la kampuni iliyonunuliwa nililijua kabla sijamaliza kusoma mstari wa kwanza wa barua. Nilimpigia simu yule mteja kabla tangazo halijamfikia. Alicheka sana, kisha akaniuliza kama yule mhudumu bado yupo.