Parachuti ndogo na kutua salama: dhana potofu na ukweli kwa wanaoanza kuruka

"Hatari kubwa ni parachuti kukataa kufunguka"

Mtu akisikia unaruka kutoka kwenye ndege swali la kwanza ni hilohilo, je isipofunguka? Na hata sisi wenyewe tulipoanza ndo kitu kilichokuwa kinatunyima usingizi. Lakini parachuti kuu ikikataa unaiachia unafungua ya akiba, umefundishwa hivo toka siku ya kwanza na umerudia mpaka mikono inajua yenyewe. Kinachoua ni kingine. Ripoti za ajali za chama cha warukaji cha Marekani, USPA, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya waliokufa walikuwa wananing'inia chini ya parachuti iliyofunguka vizuri kabisa, haijachanika, kamba hazijasokotana, kila kitu kinafanya kazi. Walikufa wakati wa kutua, na wengi wao walikata kona wakiwa karibu mno na ardhi. Kwa hiyo za kuogopa ni zile mita 100 za mwisho, na saizi ya parachuti uliyochagua ukiwa bado chini ndo inaamua zitakuwaje.

"Mimi ni mwangalifu, parachuti ndogo haitanisumbua"

Hii ndo nataka kukaa nayo kwa sababu mimi mwenyewe niliiamini na ikanivunja mfupa wa paja.

Tuanze na hesabu. Chukua uzito wako wote ukiwa mlangoni mwa ndege, yaani mwili, nguo, kofia na gia yote mgongoni, uuweke kwa paundi, halafu gawa kwa ukubwa wa parachuti kwa futi za mraba. Jibu ndo mzigo wa bawa, na bawa ni hiyo parachuti yenyewe ikiwa imefunguka. Mtu wa kilo 80 mwenye gia ya kilo 12 ana kilo 92, hizo ni kama paundi 203. Kwenye parachuti ya 210 anapata 0.97, kwenye 170 anapata 1.19, kwenye 150 anapata 1.35. Kwa macho tofauti inaonekana ndogo, eti pointi kadhaa tu, lakini ukitoka 210 ukaenda 150 za umbo moja kasi inapanda kama asilimia 18, na nguvu unayogonga nayo ardhi inapanda na mraba wa kasi, kwa hiyo ni asilimia 40 zaidi. Mfupa haujui kama ulikuwa mwangalifu.

Mimi nilikuwa na mirusho 87. Nilishaiazima ile 150 nikatua nayo kama mara ishirini hivi, zote vizuri, zote upepo umenyooka na uwanja uko wazi, nikajiambia basi hii nimeiweza nikainunua. Siku ile upepo uligeuka nikiwa tayari nimeshapanga njia yangu ya kutua. Sikuiangalia tena soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa uwanjani unaoonyesha upepo unatoka wapi. Nimenyoosha kuja chini naona majani yanapita chini ya miguu kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, nikajua upepo uko mgongoni, na mkono wa kushoto ukavuta breki wenyewe, yaani kamba ya kuongozea inayoshusha mkia wa parachuti upande huo, nilitaka tu kugeuka kidogo niukabili upepo. Nilikuwa juu kama nyumba ya ghorofa tano. Parachuti ikalala ubavu, kamba za kushoto nikaziona zinaelekea chini badala ya juu, na upeo wa macho ukasimama wima kama ukuta. Baada ya hapo nakumbuka harufu ya udongo na kiatu changu kimoja kikiwa mbali na mimi.

Kilichotokea hakina muujiza. Ukivuta breki ya upande mmoja kwa nguvu, bawa linalala, wewe unarushwa nje kama jiwe lililofungwa kwenye kamba, na pua ya parachuti inaanza kuangalia ardhi. Hapo unashuka kwa kasi kubwa sana mpaka urudi tena chini ya bawa, na kurudi huko kunahitaji urefu wa kwenda chini. Kama urefu huo haupo unaumaliza kwa mwili. Parachuti kubwa nayo inafanya hivo ila taratibu, inapoteza urefu mdogo, inakupa nafasi ya kugundua kosa. Ndogo inafanya hayo yote kabla hujamaliza kufikiri.

Na uangalifu wenyewe haukuchagulii siku. Mtu atakukata mbele, upepo utageuka, utafunguka mbali utue shambani kusikojulikana kukiwa na waya wa umeme, siku hiyo utarudi kwenye ile tabia iliyokaa mwilini mwako, na mirusho 87 haijaweka tabia yoyote ya maana. Zile ishirini nilizotua vizuri zilinifundisha kutua siku nzuri tu.

"Lazima utue ukikabili upepo, kwa gharama yoyote"

Hapana jamani, hapana. Hii imeumiza watu wengi sana na mimi nikiwemo. Kukabili upepo ni kuzuri, kunapunguza kasi yako juu ya ardhi, lakini kuko chini kabisa kwenye orodha ya vipaumbele. Kwanza bawa liwe sawa, halijalala upande. Pili eneo wazi lisilo na vizuizi. Tatu vuta breki ya kutua, yaani zote mbili kwa pamoja ukikaribia kugusa, angalau nusu. Nne jiandae kujiviringisha: miguu na magoti pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, ukigusa unaangukia ubavu, shavu la mguu, paja, nyonga, mpaka mgongo kwa upande. Upepo unakuja baada ya hayo yote.

Fanya hesabu uone. Parachuti inakwenda mbele kilomita 30 kwa saa, upepo ni 10. Ukiukabili unagusa chini kwa 20, ukiwa nao mgongoni unagusa kwa 40. Arobaini ni kasi ya kuviringika, kuchubuka, pengine kuvunja kifundo cha mguu kama utang'ang'ania kusimama, lakini unaenda kwa mlalo na ardhi inakuburuta. Ukikata kona chini unaingia ardhini kama msumari. Wale wanaosimama pembeni wanakupigia kelele geuka geuka wanakutakia mema ila usiwasikilize, tua hivohivo ulivyo.

Kama ni lazima ukwepe kitu huko chini kuna kona ya breki: unashusha breki zote mbili mpaka kama nusu, halafu unaachia moja kidogo au unaongeza nyingine kidogo. Bawa linageuka bila kulala sana na urefu unaopotea ni mdogo. Ila hii lazima uwe umeifanya juu, mita 900 na zaidi, mara nyingi, mpaka uijue parachuti yako inageukaje na inaanza kupoteza upepo breki zikiwa wapi, maana ukivuta kupita kiasi inaacha kuruka kabisa. Ukiijaribu mara ya kwanza siku unayoihitaji umechelewa.

"Mzigo wa bawa ukiwa 1.0 basi parachuti ni ya mwanafunzi, haijalishi saizi"

Hapa wanaoumia ni watu wepesi, na wadada wengi wameingizwa mkenge hapa. Mtu wa kilo 50 na gia ya kilo 11 akichukua 135 anapata kama 1.0, kila mtu anamwambia uko salama. Lakini parachuti ndogo ina kamba fupi, na kamba fupi maana yake unazunguka karibu zaidi na bawa, kila kitu kinajibu haraka, kona inapiga haraka, kosa dogo la mkono linakuwa kubwa. 135 yenye mzigo wa 1.0 haiendeshwi kama 210 yenye mzigo wa 1.0. Brian Germain, mbunifu na kocha wa parachuti, alitoa kanuni ambayo wengi wanaitumia: anza na 1.0 halafu ongeza 0.1 kwa kila mirusho 100. Ni nzuri kwa sababu inakumbukika, ila wasiosikiliza wanaigeuza lengo, wakifika 200 wanahisi wanadaiwa kushuka saizi. Hicho ni kikomo cha juu, na kwa mtu mwepesi aliyeko kwenye saizi ndogo anatakiwa akae chini yake.

Halafu kuna umbo pia. Ya mstatili inasamehe, ya duaradufu iliyochongoka kwenye ncha haisamehi hata kama saizi ni ileile. Usibadilishe saizi na umbo kwa mpigo mmoja.

"Uzito wa juu ulioandikwa kwenye lebo unaonyesha ninachoweza kubeba"

Unaonyesha kinachoweza kubebwa na kitambaa. Wewe haumo kwenye hiyo namba. Watengenezaji wengi wana jedwali lenye safu za mwanafunzi, anayeanza, wa kati na mzoefu, angalia safu yako.

"Kubwa ni hatari kwenye upepo, inarudishwa nyuma"

Kuna kaukweli hapa, ndogo inasonga mbele zaidi upepo ukiwa mkali. Lakini kama upepo unamrudisha nyuma mtu wa 210, dawa ya mtu mwenye mirusho 60 ni kukaa chini. Wanafunzi Marekani wamewekewa mwisho wa maili 14 kwa saa, kama kilomita 22, na hiyo namba haikutungwa kwa kuwaonea. Isitoshe kinachotupa watu chini ni upepo uliovurugika nyuma ya miti na majengo, na vurugu hiyo inafika mara 10 mpaka 20 ya urefu wa kizuizi. Banda la mita 10 linaweza kukuharibia hewa mita 100 hadi 200 nyuma yake. Bawa dogo halikufichi na hilo.

Na msisahau hewa yenyewe. Uwanja ulio mita 1500 juu ya bahari unakuongezea kasi kama asilimia 7 au 8 kwa parachuti ileile, joto likipanda inazidi. Mtu anatoka pwani ambako alikuwa ameizoea, anafika huko juu anavuta breki kwa mazoea, anashangaa ardhi imewahi.

"Inatua vibaya, basi natakiwa kubadilisha parachuti"

Mara nyingi tatizo ni kuvuta breki ya kutua mapema au kuchelewa, na macho ndo chanzo. Ukiangalia moja kwa moja chini ya miguu ardhi inakuja kwa ghafla, angalia mbele kidogo. Ukigundua umevuta mapema usiziachie, zishike hapohapo ulipofika halafu malizia zilizobaki ukikaribia kugusa. Anayeziachia ghafla anaona bawa linapiga mbizi kwa mbele na anatua kwenye hiyo mbizi.

Lakini kabla ya kujilaumu kagua kamba za breki, hasa kama umenunua iliyotumika. Kamba za spectra, aina ya nyuzi za plastiki, zinasinyaa kwa joto la msuguano wa slaida, kile kitambaa kidogo kinachoteleza kwenye kamba parachuti ikifunguka, kila inaposhuka, na za breki ziko nje zinasuguliwa zaidi. Ukiwa juu, breki zimeachiwa zote, angalia mkia wa parachuti. Kamba za breki zinatakiwa ziwe zimelegea, zinapinda kwa nyuma kama upinde. Zikiwa zimenyooka na mkia umevutwa chini, wewe unaruka na breki umeshazikanyaga bila kujua, kasi ya kutengenezea mtuo mzuri huna. Fundi anabadilisha hizo kamba na unaikuta parachuti nyingine kabisa. Nimemuona jamaa aliyetaka kuuza yake akabaki nayo baada ya hapo.

"Kifaa cha kufungua chenyewe kitaniokoa"

Cypres ya Helmut Cloth, kifaa kinachofungua parachuti ya akiba chenyewe, ilipoingia mwaka 1991 iliokoa watu wengi na sirukii bila kifaa cha aina hiyo. Ila ile ya kawaida inasubiri mtu anayeanguka kwa kama kilomita 126 kwa saa akiwa chini ya mita 225 hivi. Imewekwa kwa ajili ya aliyezimia au aliyesahau. Uliyekata kona mita 30 kutoka ardhini ukiwa na parachuti nzima juu ya kichwa huna kifaa kinachokusubiri.

"Ya akiba hata iwe ndogo, nitaitumia mara moja tu"

Hiyo mara moja ndo utakuwa umechoka, una hofu, uko chini kuliko ulivyopanga, pengine mbali na uwanja, pengine hata bega limetoka. Kama umezimia, itatua yenyewe bila mtu wa kuvuta breki. Watu wanahesabu mzigo wa bawa wa parachuti kuu mpaka desimali halafu ya akiba wanachukua yoyote ili begi liwe dogo. Piga hesabu ileile kwa zote mbili. Yangu sasa hivi ya akiba ni kubwa kuliko kuu, begi limekuwa pana kidogo mgongoni, na kwenye kiti cha ndege najisogeza mbele kidogo nikikaa.